Farasi wa Marehemu Magarsa

Watu wa Chafe hawaui farasi. Ng'ombe wanachinja, kondoo wanachinja, jogoo hukatwa shingo mgeni akiwa bado anafunga mlango, lakini farasi hapana. Farasi amembeba babu yako vitani na mama yako harusini, na mkono utakaomdhuru utahesabiwa kuwa mkono wa mtu asiye na ukoo. Kwa hiyo farasi akizeeka, akashindwa kutafuna na mbavu zikaanza kuhesabika, wanaume wanne humwongoza jioni hadi ukingo wa korongo. Humvua hatamu, kwa sababu hatamu bado ina kazi, humpiga kofi la kiunoni, kisha hurudi nyumbani bila kugeuka. Kinachobaki huachiwa fisi. Fisi hana ukoo wa kumwaibisha.

Warqe Balcha aliishi miaka arobaini na moja katika kijiji hicho kabla ya kuuliza swali lolote juu ya jambo hilo.

Mumewe alikuwa Magarsa. Katika nyanda hizi za juu za Salale, mwanamume akipata farasi wa kumtangaza, jina lake la kuzaliwa hubaki kwa mama yake na kwa karani wa serikali. Wengine wote humwita kwa jina la farasi. Magarsa alikuwa na farasi wa kijivu aliyeitwa Dalacha, akashinda naye mbio za sikukuu ya Ubatizo miaka mitatu mfululizo, na tangu hapo akawa Abba Dalacha, baba wa Dalacha, sokoni, kanisani na mbele ya hakimu. Warqe mwenyewe alimwita hivyo. Jina la Magarsa alilitumia akiwa na hasira tu.

Magarsa alikufa kwa kifua, mwezi wa pili wa baridi. Siku ya maziko Dalacha alizungushwa mara tatu kando ya jeneza akiwa na matandiko yote, vishada vyekundu kichwani, ngao na mkuki vimefungwa ubavuni, mahali pa mpandaji patupu. Wanaume wa chama cha wapanda farasi walimwimbia marehemu sifa zake. Baadaye matandiko yalirudishwa ndani, na farasi akarudishwa uani kwa Warqe. Kwa desturi alikuwa sasa mali ya ukoo, na mkubwa wa ukoo alikuwa Tarfasa, kaka wa marehemu. Lakini Tarfasa alikuwa na farasi wake mwekundu, kijana, mwenye kiburi. Akasema Dalacha akae kwa shemeji yake kwa muda.

Muda huo ukawa miaka sita. Warqe alimkatia majani, alimtekea maji, alizoa mavi yake na kuyakausha yawe kuni. Hatamu hakuigusa. Mwanamke wa Chafe hamwongozi farasi kwa hatamu, na hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini.

Mwaka wa saba, wiki chache kabla ya mvua kubwa, alianza kuokota vitu vya ajabu chini ya hori: madonge ya majani yaliyotafunwa nusu, marefu kama kidole, yamelowa mate. Dalacha alikuwa anakula siku nzima na kutema karibu yote. Viuno vikachomoza. Juu ya macho pakabonyea mashimo mawili ya kuweza kuingia yai. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Njia ya kwenda kanisani inapita mbele ya uwa wa Warqe, na watu wana macho. Jumapili ya tatu Tarfasa alikuja pamoja na mzee Guta, aliyekuwa fundi wa kuchoma makaakaa ya farasi kijijini. Guta alibeba mundu mdogo uliokunjwa ncha, na moja kwa moja akaenda kuutia kwenye moto wa kahawa.

"Kaakaa limevimba," Guta alisema.

"Umeliona saa ngapi?" Warqe aliuliza. "Hata mdomo wake hujaufungua."

"Nimeona mbavu. Farasi asiyeshiba amevimba kaakaa. Tunalichoma, damu mbaya inatoka, anakula."

"Shemeji," Tarfasa alisema, akiwa tayari amekunja mikono ya shati, "shika kichwa tumalize. Watu wanapita hapa wanasema tumemtupa Abba Dalacha kabla hajaoza kaburini. Unadhani mimi nasikia raha?"

"Nilishika kichwa cha Boora," Warqe alisema.

Boora alikuwa farasi wa kwanza wa Magarsa, na habari zake kila mmoja pale alizijua.

Warqe alikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja wakati Boora alipoanza kutema majani. Babake Guta alikuja na mundu ule ule. Warqe, kwa kuwa alikuwa na mikono yenye nguvu, aliambiwa akumbatie kichwa cha farasi. Alikikumbatia. Alisikia chuma kikilia ndani ya nyama, akasikia harufu yake, na farasi akakojoa akiwa amesimama. Baada ya hapo Boora hakutema tena majani, kwa sababu hakuyatia tena mdomoni. Siku ya kumi na mbili wanaume wanne wakampeleka korongoni. Walipogeuka kurudi, Boora aliwafuata. Hakujua kwamba ameagwa. Magarsa ilimbidi aokote mawe. Alimpiga farasi wake kwa mawe mpaka akasimama mbali, akitazama. Asubuhi Warqe alikwenda kuokota mavi makavu upande ule, akakuta kwato moja na kipande cha ngozi ya paji chenye nyota nyeupe. Hakumwambia mumewe, na mumewe hakuuliza alikwenda upande gani.

"Kwa hiyo hushiki?" Guta aliuliza. Mundu ulikuwa umeanza kuwa mwekundu.

"Sishiki. Na mundu wako utoe kwenye moto wangu, unachafua kahawa."

Guta alimtazama Tarfasa. Tarfasa alikuwa anatazama ardhi.

"Basi sikiliza," Tarfasa alisema mwishowe. "Mimi sina ugomvi na wewe. Farasi huyu akiwa na nyama mwilini, akae hata miaka kumi. Lakini siku atakayolala chini akashindwa kusimama mwenyewe mpaka kahawa ya pili ya asubuhi inanyweka, anakwenda korongoni kama wenzake. Sitaki aozee uani kwa ndugu yangu."

"Mpaka kahawa ya pili," Warqe alisema.

"Mpaka kahawa ya pili."

Siku ya soko iliyofuata, Warqe alimfunga Dalacha kamba ya kawaida shingoni, ili asiwe ameshika hatamu, akaanza naye safari ya mjini. Kwa miguu ya mtu ni mwendo wa saa mbili. Kwa miguu ya Dalacha ilikuwa saa nne. Pale kisimani wanawake walikuwa wamepanga madumu.

"Warqe," jirani yake Ayantu aliita, "huyo mzee unampeleka kuoa?"

"Nampeleka kwa daktari. Ana meno mabaya."

"Na wewe hayo yako mawili yaliyobaki, je?"

"Yangu yanatafuna uji. Yeye nani atampikia?"

Walicheka mpaka madumu yakafurika. Warqe aliendelea na safari, farasi nyuma yake akipumua mgongoni mwake kama mtu mwenye jambo la kusema.

Kituo cha mifugo kilikuwa cha ng'ombe. Watu walileta ndama, kondoo, mara moja moja punda wa mkokoteni. Kijana wa kituo aliitwa Gamachu. Alivaa buti za mpira zinazomzidi mguu, na alipomwona mwanamke mzee na farasi mzee zaidi, kwanza alidhani wamepotea njia. Kisha akanawa mikono, akauvuta ulimi wa Dalacha pembeni, akawasha tochi na kuangalia ndani kwa muda mrefu.

"Mama, lete kidole chako. Usiogope, ulimi nimeushika. Hapo, pembeni ya magego ya juu."

Warqe aliingiza kidole. Ukingo wa jino ulikuwa na makali kama ya kisu cha kukatia vitunguu. Gamachu akamsogezea kidole ndani ya shavu. Palikuwa na mfereji, nyama mbichi.

"Farasi anatafuna kwa kusaga, hivi, upande kwa upande," Gamachu alisema. "Jino linalika katikati na kubaki makali pembeni. Akisaga, anajikata. Afanye nini? Anatema. Na lile la nyuma linacheza, limeoza mzizi."

"Na kaakaa?"

"Kaakaa lina nini?"

"Halijavimba?"

"Hayo matuta kila farasi anayo, mama, hata aliye mzima. Hiyo kuchoma makaakaa ni ukatili wa bure. Hakuna farasi hata mmoja aliyepona kwa sababu hiyo. Wote mliowaacha wafe njaa, walikuwa wanataka tupa tu. Tupa, kama hii ya fundi chuma."

Alisema hivyo kwa hasira ya mtu aliyeisema mara nyingi bila kusikilizwa. Kisha aliona kwamba mwanamke yule amekaa kwenye benchi la wagonjwa, kamba imemponyoka mkononi.

"Nimesema vibaya?"

"Hapana," Warqe alisema. "Endelea na kazi."

Gamachu alimchoma Dalacha sindano ya kumlegeza, akaingiza tupa yenye mpini mrefu, akasugua makali taratibu, si mengi, kwa sababu jino la farasi mzee halioti tena kufidia. Lile linalocheza alilitoa kwa koleo bila shida. Akalitia kwenye kiganja cha Warqe. Lilikuwa refu kama kidole cha shahada, lenye shimo jeusi, na harufu yake ilimfanya punda aliyekuwa nje kugeuza kichwa.

Kisha alimwambia mambo ya kufanya. Nyasi ndefu kavu zisahauliwe. Shayiri ipondwe, iloweshwe tangu usiku, apewe kidogo mara tano kwa siku. Akipewa nyingi mara moja atavimba tumbo na miguu itawaka moto. Maji yawe vuguvugu wakati wa baridi, maana farasi mzee hanywi maji yanayoumiza meno, na asipokunywa utumbo unaziba. Chumvi. Dawa ya minyoo kabla ya mvua na baada yake. Atembezwe kila siku, hata kidogo, viungo visigande. Na mavi yake yatazamwe: punje nzima zikionekana ndani, meno yamerudi kukataa.

"Mavi yake nayajua kuliko yangu," Warqe alisema.

Jioni hiyo alipita kwa Tarfasa. Alifungua ncha ya kitambaa, akaliweka lile jino juu ya sinia ya kahawa, kati ya vikombe. Tarfasa alilitazama. Akalinusa, akakunja uso.

"Hili lilikuwa mdomoni mwake?"

"Lilikuwa mdomoni mwake. Na Boora alikuwa na la kwake."

Tarfasa alilisogeza jino kwa kidole mpaka kwenye ukingo wa sinia, kama mtu anayesogeza kitu cha mgeni ambacho hakitaki lakini haruhusiwi kukitupa.

Mvua zilianza. Juu huku mvua kubwa ni miezi mitatu ya ukungu na matope, na baridi ambayo hufanya mbwa walale jikoni. Warqe aliamka kabla ya kengele ya kanisa, akachemsha maji, akachanganya shayiri na maganda ya maharage yaliyolainika. Dalacha alikula polepole, midomo ikipapasa bakuli. Mwanzoni alitema bado, kwa mazoea. Wiki ya pili alianza kumeza. Warqe alishona magunia mawili pamoja, akatia kati yake sufu ya kondoo, akamfunika mgongo. Akamchimbia mfereji kuzunguka banda ili maji yapite kando, akamwaga majivu chini na majani makavu juu ya majivu, kwa sababu alikuwa amekwisha kuelewa kwamba adui wake mkubwa ni utelezi. Farasi mzee akilala, anahitaji mahali pa kukita kwato za mbele. Akikosa mara mbili, mara ya tatu hajaribu. Anakata tamaa upesi kuliko mtu.

Mwanawe Lammi, aliyekuwa mwalimu huko Adama, alipiga simu.

"Mama, watu wananiambia unamlaza farasi kitandani."

"Kitanda hakimtoshi. Nimepima."

"Utaugua. Mwache mzee wa watu aende zake."

"Aende wapi? Nitajie mahali."

Lammi alijua mahali penyewe. Akauliza kama viazi vimeota.

Kijiji kilimtania mvua nzima. Walisema Warqe ameolewa tena, safari hii na mume asiyelewa. Kwenye foleni ya kusaga nafaka walimpisha mbele: mpisheni, ana mgonjwa. Na kwa kuwa mwanaume huitwa kwa jina la farasi wake, mtani mmoja, hakuna anayekumbuka nani, alianza kumwita Mama Dalacha. Haikuwa heshima. Jina la farasi ni la mpandaji, la mtu wa ngao na mkuki. Mwanamke wa bakuli la uji kuitwa hivyo kulichekesha sana, na watoto wakalipigia kelele mpaka wakalichoka.

Tarfasa hakucheka. Lakini kila asubuhi, akienda shambani, alipitia njia ya mbele ya uwa, ambayo ni ndefu zaidi, na kutazama juu ya ukuta.

Asubuhi moja, siku nne kabla ya sikukuu ya Msalaba, maua ya njano yakiwa yameanza mabondeni, alitazama akaona farasi amelala ubavu na Warqe amepiga magoti nyuma ya kichwa chake. Alikwenda zake, akarudi na wanaume watatu na kamba.

"Kahawa ya kwanza nimeshainywa," Tarfasa alisema.

"Basi kaa unywe ya pili. Iko jikoni, jimiminie mwenyewe, mimi nina kazi."

Wanaume walikaa ukutani. Dalacha alikuwa ameteleza wakati wa kuamka na kulala miguu ikielekea juu ya mteremko. Alirusha miguu mara mbili, akaangusha kichwa. Jicho lilikuwa linatazama anga. Warqe alijaribu kumsukuma begani. Ilikuwa kama kusukuma kanisa.

"Kaangukia upande mbaya," alisema, akijisemea. Kisha kwa sauti: "Miguu iko juu. Anatakiwa ageuzwe, miguu iwe chini ya mteremko. Kamba mnazo. Mtazishikilia tu kama watawa na shanga zao za sala?"

Wale watatu walimtazama Tarfasa.

"Tulikubaliana asimame mwenyewe," Tarfasa alisema.

"Atasimama mwenyewe. Sijasema mbebe. Mgeuzeni tu. Hata wewe ukilewa unageuzwa, halafu unasimama mwenyewe."

Mmoja wa wanaume alikohoa kuficha kicheko. Tarfasa aliweka kikombe chini, akavua blanketi begani. Wakafunga kamba miguu ya chini juu ya kwato, wakavuta pamoja, na farasi akapinduka kwa mgongo, mzito, akatua upande wa pili. Warqe akamwaga majivu mbele ya kwato zake, debe zima. Dalacha alipumzika. Kahawa ilikuwa inapoa. Kisha akanyoosha miguu ya mbele, akaikita, akainua kifua, nyuma ikatetemeka, na hapo Tarfasa, bila kuambiwa, aliruka akashika mkia kwa mikono miwili na kuvuta juu kama mtu anayemtoa mwenzake mtoni.

Farasi akasimama. Alijitikisa, gunia likamwangukia Tarfasa kichwani.

"Mkia sikuukubali mimi," Warqe alisema.

"Nyamaza, shemeji," Tarfasa alisema akiwa ndani ya gunia.

Kwa hiyo Dalacha aliuona Msalaba, akaona mavuno ya shayiri, akaona sikukuu ya Ubatizo. Siku hiyo Warqe alimwosha, na Tarfasa akaleta vishada vyekundu kutoka sandukuni. Hawakumpanda. Alisimama kando ya uwanja wa mbio akiwa na nyama ya wastani mwilini, masikio mbele, na farasi vijana walipopita shoti alikwaruza ardhi mara moja. Watu wengine walivua kofia. Wengine waliuliza huyo ni farasi wa nani.

Mwezi uliofuata alilala tena.

Safari hii ardhi ilikuwa kavu na mteremko haukuhusika. Walimgeuza mara tatu. Mara ya mwisho alifika hadi kukaa kama mbwa, akatazama huku na huku kana kwamba amesahau alichotaka, akajilaza taratibu. Mguu wa nyuma wa kulia haukuwa na kazi tena. Warqe alimpa maji kwa kata, akameza kidogo. Akamgusa masikio: yalikuwa baridi. Aliingia ndani, akapiga simu, akatoka.

Tarfasa alikuwa amefika na ngozi kubwa ya ng'ombe ya kumburuzia.

"Shemeji, umejitahidi," alisema, na alimaanisha hivyo. "Hakuna mtu Chafe atakayesema hukujitahidi. Sasa tuachie."

"Haendi korongoni."

"Kahawa ya pili imenyweka."

"Imenyweka. Ameshindwa, na mimi nimeshindwa, sibishani. Lakini haendi. Gamachu anakuja na sindano."

Wanaume walitazamana. Tarfasa alisogea karibu, akashusha sauti kama mtu anayezungumza mbele ya watoto.

"Unajua unachosema? Umwue farasi? Farasi wa Abba Dalacha?"

"Wewe ulikuwa unampeleka wapi, hospitali?"

"Kule ni Mungu anayemchukua."

"Kule nilikwenda asubuhi yake, Tarfasa. Niliona alivyochukuliwa Boora. Alikuwa amejikokota hatua thelathini kurudi nyumbani. Nilizihesabu kwa damu. Ninyi hamgeuki, kwa hiyo hamjui. Mimi nilikwenda."

Miaka arobaini hakuwa amelisema jambo hilo kwa mtu yeyote. Alilisema kwa sauti ile ile aliyotumia kuuliza bei ya chumvi.

Tarfasa alikuwa mmoja wa wale wanne wa siku ya Boora. Alitazama ngozi ya ng'ombe iliyokuwa mkononi mwake, kisha akaikunja mara mbili, mara nne, mpaka haikukunjika tena.

"Watakuita muuaji wa farasi," alisema.

"Wameshaniita mengi mwaka huu."

Gamachu alifika na pikipiki kabla ya jua kupanda sana. Alimpima Dalacha moyo, akamwangalia macho, akakubaliana na Warqe. Kisha akatoa sharti ambalo halikuwa limefikiriwa na mtu: dawa ile ni sumu, inabaki ndani ya nyama. Fisi akila atakufa, mbwa atakufa, tai watakufa. Lazima achimbiwe shimo refu kumzidi mtu, hapo hapo kando yake, na lichimbwe kwanza.

Chafe haijawahi kumzika farasi. Wale watatu waliposikia, mmoja alikumbuka ng'ombe wake, mwingine alikumbuka kikao, na wa tatu aliondoka bila kukumbuka chochote. Warqe alichukua jembe lake la bustani, jembe la viazi, akaanza. Gamachu alivua koti akaanza upande wa pili. Ardhi ilikuwa ngumu, na kwa nusu saa walipata shimo la kumzika kuku.

Tarfasa aliondoka pia. Aliporudi alikuwa na sururu, koleo mbili na farasi wake mwekundu, ambaye alimfunga mbali, nyuma ya nyumba, asione.

"Kuua sitatazama," alisema. "Kuchimba nitachimba. Ondoka hapo na hicho kijiko chako."

Wakachimba mpaka jua lilipoinama. Ilipokuwa tayari, Tarfasa alikwenda nyuma ya nyumba kukaa na farasi wake. Warqe alipiga magoti, akakumbatia kichwa cha Dalacha, mkono mmoja chini ya taya, mwingine juu ya jicho, kama alivyofundishwa zamani. Gamachu alichoma ya kwanza, ya kumlegeza, wakasubiri. Kisha ya pili. Farasi alivuta pumzi ndefu na hakuirudisha yote. Hakuna kilicholia, hakuna harufu. Warqe alibaki ameshika kichwa mpaka Gamachu alipomwambia mara ya pili kwamba imekwisha.

Jumapili, padri hakusema kitu, lakini wanawake wawili walihama benchi. Guta alitangaza kisimani kwamba uwa ule utalaaniwa na viazi havitaota. Viazi viliota. Chama cha wapanda farasi kilikaa kikao juu ya jambo hilo, kikabishana, kikaahirisha, na mpaka leo kimeahirisha. Tarfasa akiulizwa alijibu kwamba yeye alichimba shimo tu, na kama kuna sheria dhidi ya mashimo waisome.

Miezi mitano baadaye, asubuhi ya ukungu, mwanamume asiyejulikana Chafe alisimama langoni. Alikuwa mwendesha mkokoteni wa mjini, kofia mkononi, na nyuma yake kulikuwa na farasi wa kahawia mwenye mashimo juu ya macho. Kando ya mdomo mate yalikuwa yananing'inia, na donge la majani limenasa kwenye mate.

"Nimeambiwa niulize kwa Mama Dalacha," mwanamume alisema. "Ndiyo hapa?"

Alilisema jina hilo kama mtu anavyolitaja jina la mtu asiyemfahamu, bila utani wowote.

Warqe alijifuta mikono kwenye gauni. Alichukua hatamu kutoka mkononi mwake, akamgeuza farasi kichwa kwenye mwanga, akauvuta ulimi pembeni.

"Ndiyo hapa," alisema. "Ingia. Nani amewahi kumgusa kaakaa?"